Vitamini D, unene na ini lenye mafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu wenye uzito mkubwa huuliza baada ya kupigwa picha ya tumbo na kuambiwa kwamba ini lina mafuta. Wengi wao huwa wameshasikia, kwa jirani au kwenye simu, kwamba chanzo ni upungufu wa vitamini D na kwamba tembe zake ndizo dawa. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Yamekusudiwa kukusaidia uende kwake ukijua la kuuliza.

Nimeambiwa ini langu lina mafuta, ilhali sijawahi kuonja pombe. Mafuta hayo yametoka wapi?

Ini la kila mtu huwa na mafuta kidogo, na huitwa ini lenye mafuta pale yanapozidi asilimia 5. Pombe ni chanzo kimojawapo, na anayekunywa mnazi au bia hana budi kumweleza daktari bila kuficha, lakini kwa wengi chanzo ni unene, hasa ule wa tumboni, pamoja na kisukari cha aina ya pili na mafuta yaliyozidi kwenye damu. Mwili ukinona, huanza kutoitii insulini kama inavyopasa. Mafuta yaliyowekwa akiba huachiliwa kwenye damu kwa wingi na kulifikia ini, na papo hapo ini lenyewe huendelea kugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Ndiyo maana mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya nchi mbalimbali vilikubaliana kuubainisha ugonjwa huu kwa mambo kama unene, sukari na presha, badala ya kuutaja tu kama ugonjwa wa ini usiotokana na pombe. Naona mabadiliko hayo yalichelewa, kwa sababu mama wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, asiyejua hata harufu ya pombe alikuwa akitoka kliniki na aibu isiyokuwa yake.

Je, ni ugonjwa wa kuua?

Kwa walio wengi, hapana. Mafuta peke yake yanaweza kukaa miaka mingi bila kuleta balaa, na yanaweza kuondoka. Hatari huanza pale mafuta yanapolitia ini uvimbe, uvimbe ukazaa makovu, na makovu yakaenea hadi ini likakakamaa na kushindwa kazi; katika hatua hiyo hata saratani ya ini inaweza kuingia. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka, na si kila mtu huimaliza. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mtu mwenye ini lenye mafuta hufariki kwa ugonjwa wa moyo mara nyingi kuliko kwa ugonjwa wa ini lenyewe, hivyo presha na sukari zisiachwe nyuma kwa kuliangalia ini tu.

Vitamini D ina uhusiano gani na ini?

Ini ni kituo cha kwanza cha vitamini hiyo baada ya kutoka kwenye ngozi au kwenye chakula. Mionzi ya jua ya urujuanimno ikigonga ngozi hutengeneza vitamini D ghafi, nayo huingia kwenye damu hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa umbo linalohifadhiwa na kuzunguka mwilini. Umbo hilo ndilo maabara hulipima. Baadaye figo hulibadilisha tena kuwa homoni inayofanya kazi, ambayo kazi yake iliyo wazi kabisa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalisi (kalsiamu) kwa ajili ya mifupa. Seli za ini zinazotengeneza makovu nazo zina vipokezi vya homoni hiyo, na katika majaribio ya panya homoni hiyo imeonekana kuzituliza. Hapo ndipo matumaini mengi yalipozaliwa, na hapo ndipo pia watangazaji wa tembe walipopata la kusema.

Sisi tuna jua mwaka mzima. Iweje mtu wa Lamu akose vitamini D?

Ni kweli kwamba Lamu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na Malindi nyuzi 3, kwa hiyo hatuna majira ambayo jua letu linakosa nguvu ya kutengeneza vitamini hii. Lakini jua la angani si jua la ngozini. Mji wa kale wa Lamu umejengwa kwa nyumba ndefu za mawe zilizosongamana, na vichochoro vyake viliachwa vyembamba ili kivuli kikae mchana kutwa. Mtu anaweza kutoka mtaa wa Mkomani hadi sokoni na kurudi bila kupigwa na jua kwa zaidi ya hatua chache. Anayeuza dukani Malindi toka asubuhi hadi magharibi yuko kivulini vilevile. Kioo cha dirisha au cha gari huzuia karibu mionzi yote inayotakiwa, na ngozi nyeusi, ambayo ni kinga nzuri dhidi ya kuungua, huhitaji muda mrefu zaidi juani ili kutengeneza kiasi kilekile.

Mwaka 2020 kulichapishwa uchambuzi mkubwa wa tafiti kutoka nchi 23 za Afrika, ukiongozwa na mtafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko Kilifi, katika kaunti ileile ya Malindi. Ulionyesha kwamba karibu asilimia 18 ya waliopimwa walikuwa chini ya nanomoli 30 kwa lita, ambao ni upungufu wa wazi, na karibu asilimia 34 walikuwa chini ya nanomoli 50, kiasi kinachowatosha watu wengi. Wanawake walikuwa na viwango vya chini kuliko wanaume, na watu wa mjini chini kuliko wa mashambani. Kwa upande mwingine, Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi, waliopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115. Ngozi zao ni nyeusi kama zetu, na tofauti ni kwamba wao hushinda nje.

Je, ina maana mwanamke anayevaa buibui ana hatari zaidi?

Anaweza kuwa nayo, kama hakuna mahali pengine anapopata jua. Hilo halimtaki abadili vazi lake. Nyumba nyingi za Lamu zina ua wa ndani au paa ambalo jirani halioni, na dakika kadhaa za kuanika nguo au kuchagua mchele huko, mikono na miguu ikiwa wazi, zinafaa. Alama rahisi ni kivuli chako mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, yaani takriban kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua lina nguvu ya kutosha. Jua la alfajiri ambalo wengi hulisifu ni zuri kwa kutembea, ila kwa vitamini D halina kitu.

Mimi na jirani yangu tunaota jua sawasawa. Kwa nini kiwango changu kiwe chini, kwa sababu tu mimi ni mnene?

Swali hili lina jibu zuri la kisayansi. Vitamini D hupenda mafuta, na mwili wenye mafuta mengi una mahali pakubwa pa kuitawanya. Ukimimina kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria ya nyumbani, na kijiko kilekile kwenye sufuria la pilau ya harusi, chumvi ni ileile lakini ladha si moja. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wanene na wembamba chini ya mionzi ya kiasi kimoja: ngozi za wanene zilikuwa na malighafi ileile, lakini ongezeko la vitamini D kwenye damu yao lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Isitoshe, majaribio ya panya yanaonyesha kwamba unene hupunguza kimeng'enya cha ini kinachoigeuza vitamini hiyo, kwa hiyo huenda suala si kutawanyika peke yake.

Kuna ushahidi mwingine wa maana zaidi. Mwaka 2013 wanasayansi walitumia tofauti za urithi za watu wapatao 42,000 ili kujua kipi kinamsukuma mwenzake. Walikuta kwamba watu waliorithi mwelekeo wa kunenepa walikuwa pia na vitamini D ya chini, lakini waliorithi mwelekeo wa kuwa na vitamini D ya chini hawakuonekana kunenepa zaidi kwa kiasi cha kutajika. Kwa lugha nyepesi, unene ndio huishusha vitamini D, na kuishusha vitamini D hakumnenepeshi mtu.

Basi upungufu wa vitamini D ndio ulionitia mafuta kwenye ini?

Kwa ushahidi uliopo, haielekei. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulikuta kwamba wenye ini lenye mafuta walikuwa na uwezekano wa asilimia 26 zaidi wa kukosa vitamini D kuliko wasio nalo, na takwimu hiyo imerudiwa sana na wauzaji. Lakini mambo mawili kukutwa pamoja hakumaanishi kwamba moja limezaa lingine. Mtu mwenye kilo nyingi, anayeketi ndani mchana kutwa na kutembea kidogo, atakuwa na vitamini D ya chini kwa sababu ya kilo hizo na kivuli hicho, na atakuwa na mafuta kwenye ini kwa sababu ya kilo hizohizo na kukaa kitako. Ini lililokwisha kukakamaa ndilo linaloshindwa kweli kuigeuza vitamini D, na hapo upungufu huwa ni tokeo la ugonjwa.

Nikimeza tembe za vitamini D, mafuta yataondoka?

Hapa ndipo ninapoombwa nitie matumaini, na siwezi kuyatia mahali yasipo. Watafiti wa Italia waliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili na ini lenye mafuta uniti 2,000 (IU) za vitamini D kila siku kwa wiki 24, huku wenzao wakipewa tembe zisizo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kiwango cha vitamini kwenye damu kilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini mafuta ya ini yaliyopimwa kwa mashine ya MRI hayakupungua kuliko ya wale waliomeza tembe tupu. Majaribio mengine madogo yameonyesha vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini linapoumia, vikishuka kidogo, mengine hayakuonyesha hata hilo. Hata nje ya ini hali ni hiyo. Jaribio la Marekani la watu 25,871 waliopewa uniti 2,000 kwa siku au tembe tupu halikupunguza saratani wala magonjwa ya moyo, na jingine la watu 2,423 waliokuwa karibu na kisukari, waliopewa uniti 4,000, halikuzuia kisukari kwa kiasi cha kuaminika.

Kwa hiyo tembe ni za kurekebisha upungufu, kwa faida ya mifupa na misuli, kwa mtu aliyeonekana kuwa nao. Anayezimeza ili asafishe ini anatumia fedha ambazo zingenunua samaki na mboga za wiki nzima.

Nipime kiwango changu?

Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilishauri kwamba watu wazima wanene wasipimwe vitamini D kwa desturi tu, bila sababu nyingine. Naukubali ushauri huo kwa mazingira yetu, ambako kipimo hiki si cha bei rahisi na pesa yake ina kazi nyingine. Sababu za kupima zipo: maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, misuli dhaifu ya mapaja, mifupa iliyovunjika kirahisi, ugonjwa wa figo, ini lililokakamaa, upasuaji wa kupunguza tumbo, au dawa za kifafa za muda mrefu.

Ukishapima, angalia kwanza vizio vya kipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, maana maabara moja hutumia nanogramu kwa mililita na nyingine nanomoli kwa lita, na watu wameogopa bure kwa kulinganisha namba za vizio viwili tofauti. Nanogramu 1 kwa mililita ni nanomoli 2.5 kwa lita. Chini ya nanogramu 12 ni upungufu wa wazi, na nanogramu 20 huwatosha watu wengi.

Nikiwa na upungufu, nimeze kiasi gani?

Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni uniti 600 kwa siku, na 800 kwa aliyepita miaka 70. Mtu mnene aliyethibitishwa kuwa na upungufu huenda akahitaji mara 2 au 3 ya dozi ya mwembamba, lakini hilo liamuliwe na anayekutibu. Bila uangalizi usivuke uniti 4,000 kwa siku. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Ikizidi hupandisha kalisi kwenye damu, na dalili zake ni kiu, kichefuchefu, kufunga choo, mkojo mwingi na hata kuharibika kwa figo. Sindano za dozi kubwa zinazochomwa kwa maelezo kwamba zinatia nguvu zisichomwe bila kipimo.

Samaki wetu je, hawatoshi?

Wanasaidia sana, na hapa pwani tumebahatika. Jodari, samaki aitwaye una, na dagaa ni samaki wenye mafuta na ndio wenye vitamini D kwa wingi, ilhali changu na wenzake wa nyama nyeupe wana kiasi kidogo zaidi. Namna ya kupika ina uzito wake: una wa kuchoma au wa kupaka kwa tui jepesi ni chakula, lakini akizamishwa kwenye mafuta yanayorudiwa kutwa nzima anabeba mafuta mengi kuliko yake mwenyewe.

Wapo wanaouliza kuhusu sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi wa vyombo huyapaka mbao za jahazi, kwamba kwa kuwa yametoka kwenye ini la samaki basi yataliponya ini la mtu. Tafadhali yasinywewe. Ini la papa lina vitamini A nyingi mno, na vitamini A ikizidi hulidhuru ini lenyewe.

Nini basi hupunguza mafuta ya ini?

Kupungua uzito, na kwa hili ushahidi ni mzito. Utafiti wa Cuba uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata watu 293 wenye uvimbe wa ini kwa muda wa mwaka mmoja, kwa chakula na mazoezi tu, wakitolewa vipande vya ini mwanzo na mwisho. Kati ya waliopungua asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, asilimia 90 uvimbe uliisha, na asilimia 45 hata makovu yalirudi nyuma. Asilimia 5 hutosha kuanza kupunguza mafuta, na asilimia 7 hutuliza uvimbe kwa wengi. Kwa mtu wa kilo 96, asilimia 5 ni kilo 4.8, na asilimia 10 ni kilo 9.6. Si lazima uwe mwembamba ili ini lipumue. Kilo zikipungua, vitamini D kwenye damu nayo hupanda kidogo, bila tembe.

Pa kuanzia ni vinywaji. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko 8 vya chai, na sukari ya matunda iliyomo humo kazi yake kubwa huishia kwenye ini. Juisi ya embe au ya ukwaju iliyotiwa sukari haiko mbali na soda, hata kama imetwangwa mbele ya macho yako. Chai ya maziwa yenye vijiko 3, ikinywewa asubuhi, saa nne na alasiri, pamoja na mahamri 2 kila mara, inamletea mtu vijiko 9 vya sukari na mahamri 6 ya unga mweupe kabla hajakaa kula chakula. Sina nia ya kumnyima mtu mahamri na mbaazi ya asubuhi. Nasema yawe ya asubuhi tu, mbaazi ziwe nyingi kuliko mahamri, na vikombe vinavyofuata viwe vya mkandaa. Wali wa nazi ubaki, ila upungue sahanini ili samaki na mchicha vipate nafasi. Mwezi wa Ramadhani ungekuwa nafasi nzuri ya kupunguza uzito, lakini wengi huumaliza wakiwa wameongeza, na kaimati, tambi na sharubati za futari ndizo hufanya kazi hiyo.

Kahawa chungu, ile inayouzwa kwa madele jioni, ina habari njema: tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini. Inywe bila sukari, na halua iwe ya siku ya furaha. Muguka na miraa sina la kuvitetea, kwani utafunaji wake umehusishwa na uvimbe wa ini katika ripoti nyingi za kitabibu, na mara nyingi soda ndiyo huandamana nao usiku kucha.

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki ni kipimo kinachopendekezwa, na mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani inapokataa kushuka. Anayetembea kutoka mji wa Lamu hadi Shela kwa njia ya pwani, jua likiwa limeshapanda kidogo, anapata mwendo na vitamini D kwa safari moja.

Habasoda, mwarobaini na dawa za kusafisha ini zinafaa?

Hakuna hata moja iliyothibitishwa kuchukua nafasi ya kupungua uzito, na baadhi ya mitishamba hulidhuru ini. Ukitumia yoyote, mwambie daktari jina lake. Hatakufokea, na akikufokea bado umefanya jambo la busara.

Niombe vipimo gani?

Kwanza homa ya ini ya aina ya B na C, kwa sababu unene hauzuii virusi, na magonjwa mawili yanaweza kukaa kwenye ini moja. Pili, ujue ukomo wa picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound): inaweza kutoyaona mafuta machache, na haionyeshi makovu ya mwanzo. Vimeng'enya vya ini navyo vinaweza kuwa vya kawaida kwa mtu mwenye ugonjwa. Kipo kipimo cha kukadiria makovu kisichohitaji mashine ya picha, kiitwacho FIB-4: chukua umri, zidisha kwa AST, kisha gawanya kwa chembe sahani (platelets) zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili (square root) cha ALT; AST na ALT ni vimeng'enya vya ini, na vyote hivi hupimwa kwenye damu. Mtu wa miaka 48 mwenye AST 40, ALT 49 na chembe sahani 240 anapata 1.14. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67 apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa. Aliyepita miaka 65 ana kiwango chake tofauti.

Je, kuna dawa ya hospitali?

Zipo mpya. Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka 2024 na semaglutide mwaka 2025 kwa watu ambao uvimbe wa ini umeshawatia makovu ya kati au makubwa. Zote hutolewa pamoja na chakula bora na mazoezi, na bei zake bado ni nzito. Sindano za kupunguza uzito zinazouzwa mtandaoni bila cheti cha daktari usizichome.

Ni dalili gani zisizongoja?

Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa na kulala ovyo mchana. Dalili hizi ni za kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe King Fahd mjini Lamu au hospitali ya Malindi. Anayeishi Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, atafute chombo usiku uleule, na asiondoke bila karatasi zake za vipimo na tembe zote anazotumia, za vitamini zikiwamo.